Bango la onesho la muziki: kitangulie nini, sura, jina au ukumbi?

#1 Msanifu wa Ngamiani (mleta mada)

Habari zenu, wanajukwaa. Nimepewa kazi ya kupanga matangazo ya kuchapishwa ya bendi moja ya dansi ya hapa Tanga, ambayo itapiga Muheza, Korogwe na Lushoto kabla ya kumalizia ziara yake mjini. Fedha zilizopo zinatosha mabango ya A3, vipeperushi vya A5 na tangazo moja la robo ukurasa katika gazeti la Kiswahili. Kabla ya kuchora chochote nilikusanya mabango ya maonesho yaliyopita, nikayatandaza sakafuni na kuyachambua moja baada ya jingine. Karibu yote yamepangwa kwa namna ileile: sura ya mwimbaji imekatwa kutoka kwenye picha yake na kuwekwa katikati, nyuma yake kuna miale ya mwanga, jina limeandikwa kwa herufi za dhahabu zenye kivuli, wasindikizaji wamewekwa kwa sura ndogondogo kulia na kushoto, na chini kabisa kuna mstari wa nembo za wadhamini. Siku na ukumbi vimebanwa mahali palipobaki.

Dai langu ni kwamba mpango huu umewekwa kichwa chini miguu juu. Shabiki wa dansi anaijua bendi yake tangu zamani. Asichokijua ni kwamba Jumamosi itapiga wapi, itaanza saa ngapi na kiingilio ni kiasi gani. Ningependa ukumbi na siku vichukue nusu ya juu ya bango, na sura ipunguzwe au iondolewe kabisa. Naomba hoja zenu, hasa ninyi mliowahi kuandaa maonesho au kuchapa.

#2 Kiingilio Mlangoni

Mkuu, nimeandaa maonesho mikoani kwa muda mrefu, na hapa nakupinga. Mtu hasimami mbele ya bango ili asome anwani. Anasimama kwa sababu ameona sura anayoifahamu, na akishasimama ndipo anapotafuta siku na mahali, hata kama vimeandikwa pembeni. Ukiondoa sura, bango lako litafanana na tangazo la mnada, na watu watalipita. Tena kuna suala la uaminifu: mikoani wapo waliowahi kulipa kiingilio wakitarajia kumwona mwimbaji fulani, wakakuta mwingine kabisa anaimba nyimbo zake. Picha iliyo wazi ya wanamuziki wenyewe ni ahadi kwamba ndio watakaopanda jukwaani.

#3 Wino Mweusi

Mimi ni mchapaji, na chanzo ninachokiona ni kingine. Mabango hayo yanafanana kwa sababu hayakubuniwa kwa ajili ya karatasi. Yalibuniwa ili yatumwe kwenye simu, kisha mtu akakumbuka dakika za mwisho kwamba yanatakiwa pia yabandikwe. Kwenye kioo cha simu rangi ni mwanga: dhahabu inang'aa, miale inawaka, kivuli kinaonekana. Kwenye mashine ya kuchapia ya ofseti tuna wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi, basi, na hakuna mwanga unaotoka ndani ya karatasi. Ile dhahabu inageuka kuwa kahawia, na herufi nyembamba zenye kivuli zinakuwa ukungu.

Kuna tatizo jingine la faili lenyewe. A3 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji picha ya pikseli 3508 kwa 4961. Picha iliyopitia kwenye mtandao wa kutumiana ujumbe ikabaki na pikseli 1600 upande mrefu, ukiichapisha A3 inakupa nukta zisizofika 100 kwa inchi, na hapo hata sura ya mtu anayejulikana nchi nzima itaonekana kama imechorwa kwa vidole. Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu sura au ukumbi, mleta mada atueleze kama anayo picha halisi kutoka kwa mpiga picha.

#4 Mwalimu wa Michoro

Ningependa turudi nyuma kidogo, kwa kuwa swali hili lina zaidi ya miaka 100. Mchoraji Mfaransa Henri de Toulouse-Lautrec alipomchora mwimbaji Aristide Bruant kwa ajili ya Moulin Rouge, ukumbi wa Paris, mwaka 1892, hakuhangaika na maelezo mengi. Aliweka mtu mmoja mkubwa mwenye joho jeusi, skafu nyekundu na kofia pana, akaacha maeneo makubwa ya rangi tupu. Uso wenyewe una mistari michache. Kinachomtambulisha Bruant ni umbo na mavazi, kiasi kwamba mtu aliye ng'ambo ya barabara anamjua kabla hajasoma herufi hata moja. Kwa hiyo namwambia mleta mada kwamba uchaguzi si kati ya sura na ukumbi tu. Kuna kitu cha tatu, nacho ni umbo. Bendi yako ina umbo gani linalotambulika kwa mbali? Je, ni safu ya tarumbeta? Ni sare zao? Ni namna mpiga solo anavyolishika gitaa?

#5 Kasiba

Mwalimu, sahihisho dogo kwa faida ya wasomaji. Bango la Bruant la mwaka 1892 lilikuwa la ukumbi wa Ambassadeurs. La Moulin Rouge lilitangulia mwaka 1891, na aliyechorwa pale ni mchezaji aliyejulikana kwa jina la La Goulue. Inasimuliwa pia kwamba meneja wa Ambassadeurs hakulipenda bango la Bruant, na Bruant mwenyewe ndiye aliyeshikilia libandikwe.

Lile la Moulin Rouge linamfaa zaidi mleta mada. Jina la ukumbi limerudiwa mara tatu upande wa juu, kwa herufi moja kubwa ya M inayotumika kwa mistari yote mitatu, na siku haikutajwa, kwa sababu limeandikwa kwamba kuna dansi kila usiku. Maana yake ni kwamba tangazo la ukumbi wenye ratiba ya kudumu haliwezi kupangwa sawa na tangazo la bendi inayopita Muheza usiku mmoja na kuondoka. Kwa bendi inayosafiri, siku ndiyo bidhaa yenyewe.

#6 Mwalimu wa Michoro

Nashukuru kwa sahihisho, Kasiba. Hoja ya umbo inabaki palepale.

#7 Mzee wa Bendi Kongwe

Vijana mmezungumza vizuri, lakini mmesahau kwamba dansi letu lilijijenga kwa majina na kauli, wala si kwa sura. Chukueni Msondo. Ilianza kama NUTA Jazz mwaka 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, kila mara ikifuata jina la jumuiya ya wafanyakazi iliyoimiliki. Majina rasmi yalipita, ila shabiki alibaki na Msondo Ngoma, Baba ya Muziki. Vivyo hivyo DDC Mlimani Park Orchestra, iliyoundwa mwaka 1978, watu wanaiita Sikinde, ngoma ya ukae. Waimbaji wakubwa walihama kutoka bendi hii kwenda ile, wengine wakarudi, wengine wakafariki, lakini kauli hizo ziliendelea kujaza kumbi. Msanifu anayeweka sura ya mwimbaji mmoja kwenye bango la bendi anaitegemeza bendi nzima juu ya mtu anayeweza kuondoka mwezi ujao.

Na zile pambano za "Nani Zaidi" kati ya Msondo na Sikinde, tangazo lake lilihitaji nini? Majina mawili yanayotazamana, siku, ukumbi na kiingilio. Ushindani wenyewe ulikuwa ndio picha.

#8 Kiingilio Mlangoni

Mzee wangu, shikamoo. Lakini umetaja bendi mbili ambazo redio ilikuwa imeshazitangaza nchi nzima kwa miaka mingi, kwa hiyo bango lilikuta kazi imekwisha kufanyika. Bendi ya mleta mada haina msaada huo. Anayeshuka kwenye basi pale stendi ya Korogwe hajawahi kusikia kauli yao.

#9 Mzee wa Bendi Kongwe

Marahaba. Basi hapo ndipo umuhimu wa kuianza kauli mapema unapoonekana, maana hata hizo za zamani zilianza siku moja zikiwa hazijulikani.

#10 Bi Shamba wa Mombasa

Naongeza la upande wa taarab, kwa kuwa nyote mnazungumza kana kwamba msomaji wa bango ni mwanamume aliyesimama stendi. Huku kwetu Mombasa wanaojaza ukumbi wa taarab ni wanawake, nao huamua kwa vikundi, mara nyingi siku nyingi kabla. Nilisaidia kuandaa usiku mmoja wa taarab, na kitu kilichoulizwa zaidi ya jina la mwimbaji kilikuwa rangi ya vazi, ili wenye vikundi vyao washone sare. Onesho lililofuata tuliiandika rangi hiyo kwenye bango, kwa herufi zilizokaribia ukubwa wa jina la mwimbaji, na bango zima tukalifanya la rangi hiyo. Maduka ya vitambaa yaliyabandika mabango yetu bila kudai chochote, kwa sababu yaliwaletea wateja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kitangulie nini, ningeuliza kwanza ni nani atakayelisoma bango, na akishalisoma atalazimika kufanya nini kabla ya siku yenyewe kufika.

#11 Msanifu wa Ngamiani

Ahsante sana, Bi Shamba, hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Wino Mweusi, picha halisi ninayo, ya bendi nzima, imepigwa usiku jukwaani. Ninakusudia kuitumia kwenye tangazo la gazeti pia, mandhari ya nyuma yawe meusi, na maandishi meupe membamba juu yake. Kwenye mabango maandishi meusi nitayajenga kwa rangi zote nne ili yawe mazito.

#12 Wino Mweusi

Mkuu, hapo pana mambo matatu, na kila moja linaweza kukuharibia fedha za watu.

La kwanza ni maandishi meusi. Kwa herufi ndogo tumia wino mweusi peke yake. Ukizijenga kwa rangi nne, kila herufi itapigwa na pleti nne, yaani bamba moja la kuchapia kwa kila rangi, na pleti moja ikisogea hata kidogo tu utaona kivuli chekundu au cha samawati pembeni mwa kila herufi. Nyeusi ya kuchanganya itumike kwenye maeneo makubwa tu.

La pili ni maandishi meupe membamba juu ya weusi gazetini. Karatasi ya gazeti inakunywa wino, nukta za wino zinazojenga picha zinatanuka, na weupe wa herufi unazibwa kutoka pande zote. Zile herufi zenye vijimkia, yaani vistari vidogo kwenye ncha, ndizo zinazoanza kupotea. Kama ni lazima iwe nyeupe, chagua herufi nene isiyo na vijimkia, uiongeze ukubwa.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu naliona kila wiki. Nyuso za watu weusi zilizopigwa picha usiku, zikichapwa gazetini bila kutayarishwa, zinakuwa madoa. Kikomo cha kawaida cha jumla ya wino (asilimia za rangi zote nne zikijumlishwa) kwenye karatasi ya gazeti ni asilimia 240, ilhali karatasi laini ya kung'aa huvumilia 300 na zaidi. Picha yako ya jukwaani ina vivuli vinavyopita kikomo hicho, na nukta zikitanuka, shavu, jicho na ndevu vyote vinaungana. Inabidi uifungue picha: nyanyua rangi za katikati, zilizo kati ya mwanga na kivuli, mpaka kwenye kioo ionekane imepauka kupita kiasi, hakikisha mwanga kwenye paji la uso na kwenye daraja la pua unabaki, kisha ukate mandhari yote meusi ya nyuma na uache karatasi tupu. Mwimbaji mweusi juu ya karatasi isiyochapwa anaonekana vizuri kuliko mwimbaji mweusi ndani ya boksi jeusi. Ni heshima kwa msanii kuonekana sura yake ilivyo, na ni aibu kwetu sisi wa fani hii kwamba bado tunawachapa wanamuziki wetu hivyo.

#13 Kasiba

Mchapaji, kwako wewe kila ugonjwa dawa yake ni wino. Hata hivyo hilo la tatu ningependa libandikwe juu kabisa ya jukwaa hili.

Nina swali kwa wote: mbona hakuna aliyegusa wadhamini? Mimi naona ndio chanzo kikuu cha kufanana kwa mabango. Mdhamini anadai nembo yake iwe na ukubwa fulani, mwingine anadai asiwekwe chini ya mshindani wake, wa tatu anataka rangi za kampuni yake zitawale. Msanifu anabaki na kipande cha katikati, na kwenye kipande hicho sura moja ndiyo pekee inayotosha. Mpango mnaouita mazoea ni matokeo ya mikataba.

#14 Kiingilio Mlangoni

Kwenye matamasha makubwa, kweli. Lakini hata maonesho madogo yasiyo na mdhamini yana mpango uleule, kwa hiyo maelezo hayo hayatoshi.

#15 Kasiba

Hayo madogo yanaiga makubwa ili yaonekane nayo yana wadhamini. Bado ni walewale.

#16 Mwalimu wa Michoro

Kwa ajili ya ziara ya miji kadhaa, mleta mada atazame namna wachapaji wa zamani wa Marekani walivyofanya. Hatch Show Print ya Nashville, iliyoanzishwa mwaka 1879, na Globe ya Baltimore, iliyoanza mwaka 1929, walikuwa wakichapa mabango ya wanamuziki wanaosafiri, huku sehemu ya juu ikiachwa tupu. Kila mji ulipofikiwa, jina la ukumbi na siku viliongezwa kwenye nafasi hiyo. Globe walitumia rangi kali zinazowaka na herufi nene nyeusi, na hakuna aliyehitaji kusogea karibu ili ajue nani anakuja na lini.

Upande wa pili kuna mfano unaopinga kanuni zetu zote. Mwaka 1966 na 1967 Wes Wilson alichora mabango ya ukumbi wa Fillmore kule San Francisco kwa herufi zilizojipinda na kujaza nafasi yote, kiasi kwamba msomaji alilazimika kusimama na kuzifumbua. Watu waliyabandua ukutani wakaenda nayo nyumbani. Alikuwa ameathiriwa na herufi za msanii Alfred Roller wa Vienna, ambaye ni wa miongo mingi kabla yake. Kwa hiyo kusomeka kwa haraka si sharti la kila mahali.

#17 Kiingilio Mlangoni

Mwalimu, bango likibanduliwa Muheza siku ya pili, wa siku ya tatu anasoma nini?

#18 Mwalimu wa Michoro

Anaulizia kwa aliyelibandua. Lakini hoja yako ina uzito: hadhira ya Fillmore ilikuwa ya vijana walewale, waliorudi kila wiki, na wengi wao walitembea kwa miguu. Kwa bango la barabarani mimi hutumia kipimo cha wachora vibao: urefu wa herufi uwe walau sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Aliye ng'ambo ya barabara ya mita 12 anahitaji herufi za sentimita 10, na kwenye A3 yenye upana wa sentimita 29.7 hapo panatosha neno moja fupi, pengine mawili. Kipimo hicho peke yake kinamlazimisha mtu achague kitangulie nini.

#19 Mkaazi wa Mji Mkongwe

Ndugu zangu, mnapanga bango lakini hamsemi litabandikwa wapi. Huku Unguja Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na kuta zake za mawe na chokaa haziitaki gundi. Bango likibanduliwa linaondoka na lipu. Maonesho ya hapa yanategemea vioo vya maduka, mbao za matangazo za mikahawa na mabarazani. Anayekaa barazani ana nafasi ya kusoma mpaka mstari wa mwisho, kwa hiyo bango la hapa linaweza kubeba maneno mengi kuliko la stendi. Na kwa miji yote, halmashauri iulizwe kwanza kuhusu kibali na ada, vinginevyo mabango yatang'olewa kabla ya siku yake.

Jambo jingine ni saa. Naona mabango mengi yameandikwa 9:00 usiku, na wengine wanaisoma kuwa ni saa tisa. Iandikwe saa 3 usiku. Tarehe nayo iambatane na jina la siku na mwezi, kwa kuwa bango lililobaki ukutani likiwa na neno "Jumamosi" peke yake litawadanganya watu mwezi mzima.

#20 Dafina

Nimewasoma wote, na najiuliza kama robo ukurasa wa gazeti ina faida yoyote. Hata NME, gazeti la muziki la Uingereza, iliyoanza mwaka 1952 na ambayo kurasa zake zilijaa matangazo ya albamu, iliacha kuchapwa kila wiki mwaka 2018. Matangazo yale yalikuwa na kazi inayoeleweka: picha ya jalada la albamu ilirudiwa ilivyo, ili mnunuzi akifika dukani aitambue kwenye rafu, kisha tarehe ya kutoka na orodha ya miji ya ziara. Leo rafu yenyewe haipo. Fedha hizo ningezihamishia kwenye vipeperushi.

#21 Mzee wa Bendi Kongwe

Gazeti lina kazi ambayo simu haiifanyi. Likishasomwa linafungiwa maandazi, linatandikwa kabatini, linabandikwa kwenye ukuta wa kinyozi. Na mwenye ukumbi akiona bendi imetangazwa gazetini, anaiamini anapokubaliana nayo malipo.

#22 Msanifu wa Ngamiani

Nashukuru kwa michango. Nilipofikia ni hapa: nitachapa mabango yote kwa mkupuo mmoja, yakiwa na jina la bendi, kauli yao na umbo la safu ya tarumbeta, na theluthi ya juu ikiwa tupu. Kisha kila mji utachapiwa ukumbi wake, siku na kiingilio kwa wino mweusi. Kwa gazeti nitafuata maelekezo ya #12. Lakini kuhusu sura sijashawishika, na naona Kiingilio Mlangoni naye hajashawishika.

#23 Kiingilio Mlangoni

Sijashawishika, na nitabaki hivyo mpaka nione mlango unasema nini. Chapa vipeperushi vya namna mbili, kimoja chenye sura na kimoja chenye ukumbi kwa herufi kubwa, vyote viwe na kipande cha kukata kinachompunguzia mtu kiingilio. Peleka vya sura Muheza na vya ukumbi Korogwe, kisha hesabuni vipande vilivyorudi.

#24 Bi Shamba wa Mombasa

Hapana, hiyo haitakuwa haki, kwa kuwa miji hiyo miwili haifanani na siku zake hazifanani. Gaweni vya namna zote mbili katika mji uleule, sokoni na stendi, kwa idadi sawa. Na mtakapohesabu, tenganisheni vilivyoletwa na wanawake.

#25 Wino Mweusi

Hilo halikuongezei gharama ya pleti. Karatasi moja ya A3 inatoa A5 nne, kwa hiyo weka viwili vya sura na viwili vya ukumbi kwenye karatasi hiyohiyo, na idadi itakuwa sawa yenyewe. Kipande cha kukata kiwe upande wa nje, chenye alama tofauti kwa kila namna. Acha ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kisu, na faili niletee mkononi kwenye flashi. Prufu, yaani nakala ya kukagua, utaisaini wewe na kiongozi wa bendi kabla sijawasha mashine.